Nafasi Moja, Ukurasa wa Tisa

4 Februari

Bi Mdogo,

Salamu nyingi. Hali yako siiulizi, maana najua utasema "nzuri" hata ukiwa umelazwa. Sisi huku wazima. Mama yako amekata nywele, hazimpendezi, tumemwambia zinampendeza. Mjomba wako alinunua kiti, akakikalia, kikavunjika siku hiyo hiyo. Yeye hakuumia, ila kiti hakina matumaini. Goti langu la kushoto linasema mvua itanyesha, la kulia linakataa.

Leo miezi mitatu tangu mume wetu atuache. Watu bado wananiuliza, "Umezoea?" kama vile ni viatu. Nawaambia bado vinabana. Jana nimekuta kipande cha chaki kwenye mfuko wa koti lake la kijivu. Wiki iliyopita kimoja kilikuwa kwenye droo ya vijiko, na kingine ndani ya kiatu changu, siyo chake. Wanafunzi hawakukosea kumwita Mzee Chaki. Bi Mdogo, mwanamume huyu alikuwa wetu sote wawili, mimi kwa ndoa na wewe kwa utani, lakini kufagia kumeniangukia mimi peke yangu.

Sasa lililonikalisha mezani. Chuo alichofundishia kinatoa kitabu cha kumkumbuka. Mkuu wa chuo alikuja mwenyewe na tai yake, akakalia kiti kile kile alichokalia babu yako akimsahihishia majaribio. Unamjua huyu. Ndiye aliyepata sita kwa mia, na babu yako akamwandikia pembeni, "Sita hizi ni za mwandiko." Leo ndiye mkuu. Anasema kitabu kitakuwa na picha, hotuba (yake), na ile kazi ya mwisho ya marehemu, "Matendo Yaliyo Wazi juu ya Mistari Isiyokatika". Ila kamati inataka mtu aliyesomea hesabu za juu aisome kwanza, aandike nusu ukurasa kwamba haina kosa, atie saini. Nikamwambia tunaye, tena wa nyumbani. Kitabu kinaingia mtamboni mwanzo wa Juni.

Nakala ni hii. Nimeichapa mwenyewe kwa mashine yangu, kama nilivyozichapa zake zote kwa miaka thelathini na minane. Utaratibu wetu unaujua. Mashine haina zile alama zake za ajabu, kwa hiyo mimi nilichapa maneno, na kila palipokuja alama niliacha nafasi. Alama moja, nafasi moja. Baada ya chai yeye alikaa na kalamu yake nyeusi akajaza. Alikuwa akisema mimi nachimba mashimo, yeye anapanda. Nikibana nafasi sana alikuwa akigonga meza mara mbili kwa kidole, wala haongei, na mimi nilichapa ukurasa upya huku nikimtukana kimoyomoyo.

Soma, andika hakuna kosa, rudisha. Usijifanye una kazi nyingi.

Wako,
Bi Mkubwa


2 Machi

Bi Mkubwa,

Shikamoo. Sitasingizia posta. Barua yako ilifika mapema, ikakaa juu ya meza ikinitazama.

Mimi mzima (cheka tu). Bado niko ghorofa ya nne, dirisha haliingii mahali pake na mlango hautoki mahali pake, kwa hiyo chumba kina usawa wake. Mama mwenye nyumba amenunua saa ya ukutani inayolia kama bata. Kila saa kamili bata analia, na sisi wapangaji wanne tunatoka kwenye ngazi kutazamana. Kazi yangu ni ile ile, nasahihisha mazoezi ya mwaka wa kwanza. Juzi mmoja ameandika "hili ni dhahiri" chini ya kitu ambacho si dhahiri, na wala si kitu.

Kazi ya babu nimeisoma. Kurasa nane za mwanzo ni tamu, Bi Mkubwa. Unamsikia akikohoa kabla ya kila hoja. Kuna mahali anaandika, "Msomaji aliyechoka airuke mistari mitano ifuatayo, mwandishi naye alitamani." Nilicheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta.

Nina swali dogo. Ukurasa wa tisa anataja matendo manne: kujumlisha, kuchukua kilicho juu, kuchukua kilicho chini, na kuzidisha. Anasema yote manne ni wazi. Alama zote za kazi hii ni za wino mweusi, isipokuwa hiyo ya kuzidisha, ambayo ni ya bluu. Halafu alama ya kuzidisha ya babu siku zote ilikuwa imeinama mbele, kama mtu anayepanda mlima. Hii imesimama miguu sawa, kama askari wa zamu. Kalamu yake iliishiwa wino?

Nusu ukurasa sijaandika bado. Naendelea kusoma.

Mjukuu wako,
Bi Mdogo


15 Machi

Bi Mdogo,

Salamu, na pole kwa bata.

Tuko salama. Mama yako sasa anavaa kitambaa kichwani, hatusemi kitu. Mjomba wako anataka kitabuni iwekwe picha ya marehemu akiwa na tai. Mimi nataka ile aliyolala kwenye kochi, kitabu kimemfunika uso, vidole vya miguu vimetoka nje ya soksi. Mjomba anasema hiyo haina heshima. Nikamwambia wewe ulizaliwa na mwenye vidole hivyo hivyo, akaondoka bila kumaliza chai.

Mkuu wa chuo ameniletea hotuba yake niichape. Ina kurasa kumi na moja. Kazi ya marehemu ina kumi na mbili. Nahofia hotuba bado inakua.

Kuhusu swali lako, kalamu ni kalamu. Wino huisha, mtu akaazima nyingine. Umeandika maneno mengi juu ya rangi na hujaandika hata moja juu ya hesabu. Mimi niliishia darasa la nane na kozi ya kuchapa, lakini nimezaa watoto wanne, namjua mtu anayezungukazunguka. Kama kuna jambo, liseme. Kama hakuna, nataka nusu ukurasa wangu.

Kamati imeniuliza tena jana. Nimesema inakuja.

Bi Mkubwa


9 Aprili

Bi Mkubwa,

Shikamoo. Natumaini magoti yamepatana. Huku bata amenyamaza, betri zimevuja ndani yake. Mama mwenye nyumba amehuzunika, nasi tunamfariji huku tukitazama pembeni.

Umesema niseme. Vuta kiti.

Tendo la nne si kweli. Kuzidisha si wazi. Siwezi kutia saini.

Nitakueleza bila alama hata moja, maana yeye mwenyewe alisema hesabu isiyoelezeka kwenye meza ya chai bado ni mbichi.

Mstari usiokatika ni ule unaouchora kutoka ukingo wa kushoto wa karatasi hadi wa kulia bila kuinua kalamu. Basi. Sasa chora miwili. Ukiijumlisha, kila mahali unapima urefu wa mmoja, unaongeza urefu wa mwingine, na unapata mstari wa tatu, ndio jibu. Ukichukua kilicho juu, kila mahali unaufuata ule ulio juu ya mwenzake. Babu anauliza hivi: akija mtu mkorofi akalisogeza jibu unywele mmoja tu, je, unaweza kuisogeza ile miwili ya mwanzo kidogo tu, ukalipata jibu lake jipya? Kama unaweza kila mara, tendo ni wazi. Kujumlisha ni wazi. Mkorofi akipandisha jibu unywele mmoja, nawe unapandisha mstari mmoja unywele mmoja, mnaagana vizuri. Kilicho juu na kilicho chini navyo ni wazi, unaipandisha yote miwili pamoja.

Balaa liko kwenye kuzidisha. Piga mstari wa chaki katikati ya meza (chaki unazo), kutoka kushoto hadi kulia. Huo ni sifuri. Juu yake ni chanya, chini yake ni hasi. Chukua uzi, uanzie kushoto chini ya chaki, uupandishe mpaka uishie kulia juu ya chaki. Chukua wa pili, uulaze juu ya wa kwanza, njia ile ile. Zidisha. Kushoto ni hasi mara hasi, jibu liko juu. Kulia ni chanya mara chanya, jibu liko juu. Pale nyuzi zinapoivuka chaki ni sifuri mara sifuri. Kwa hiyo jibu ni kama bakuli lililokaa juu ya chaki, kitako kimeigusa mahali pamoja tu.

Anakuja mkorofi, analinyanyua bakuli unywele mmoja. Sasa haligusi popote. Haya, zisogeze nyuzi zako kidogo ulipate bakuli hilo. Huwezi. Kila uzi bado unaanzia chini na kuishia juu, na haukatiki, kwa hiyo lazima uivuke chaki mahali fulani. Hapo ni sifuri, na sifuri mara chochote, hata mara Mkuu wa chuo, ni sifuri. Bakuli lako litaigusa chaki upende usipende. La mkorofi haligusi.

Nimetafuta njia ya kumwokoa kwa wiki tano. Sijaiona. Kitabu kikitoka hivi, mwanafunzi yeyote wa mwaka wa pili atamcheka babu, na chini yake patakuwa na saini yangu.

Nisamehe.

Bi Mdogo


20 Aprili

Barua yako imefika. Wote wazima.

Nina mboga jikoni, siwezi kuandika zaidi. Ila huyo unayemsahihisha ndiye aliyekufundisha kuhesabu, kwa vidole vyake, kwa sababu vyako ulikuwa unavinyonya.

Bibi yako


8 Mei

Bi Mdogo,

Salamu. Hukujibu ile barua fupi, na umefanya vizuri, haikustahili.

Wiki mbili sikuigusa meza. Halafu Jumanne Fundi Saa, yule rafiki wa marehemu, akapita kurudisha saa ya babu yako aliyoichukua kuisafisha tangu mwaka jana. Nikamwambia kaa, shika uzi. Tukapiga chaki katikati ya meza. Yeye alishika upande wa kushoto, chini, mimi upande wa kulia, juu. Nikamwambia, "Haya, uniletee huku bila kuivuka chaki."

"Na nikiuzungusha?"

"Uzungushe utakavyo, usiukate tu."

Yule mzee alitoa kibano chake na miwani yake ya kufanyia kazi. Akaupeleka huku, akaurudisha, akaupinda kama nyoka mwenye tumbo bovu. Robo saa nzima. Mwisho akaniambia, "Shemeji, nimepata. Unaupitisha chini ya meza."

"Hiyo si hesabu, huo ni wizi."

"Basi haiwezekani."

"Haiwezekani?"

"Shemeji, nimetengeneza saa miaka hamsini. Kitu kilichoanzia huku kikaishia kule kimepita katikati."

Akanywa chai akaenda. Nami nikabaki na meza yenye chaki. Nakuandikia mambo mawili ambayo sikutaka kuyaandika.

La kwanza. Alama ya bluu ni yangu. Nilimaliza kuchapa mwezi wa Oktoba, akiwa tayari hatoki kitandani. Alizijaza kurasa zote kumi na mbili akiegemea mto, kidogo kidogo, siku nne. Nilipozipanga nikaona ukurasa wa tisa una shimo moja. Nikamwambia, "Umesahau moja." Akasema, "Sijasahau." Nikadhani atajaza kesho. Kesho zikawa tatu, zikaisha. Alipoondoka sikuweza kuutazama ukurasa ule na shimo lake. Kwenye rasimu aliyoiandika kwa mkono, mahali hapo palifutwa na kuandikwa na kufutwa mpaka karatasi ikatoboka. Nikaiweka dirishani dhidi ya jua, nikaona kando ya tundu ncha nne za alama ya kuzidisha. Nikachukua kalamu ninayoandikia orodha ya sokoni, nikajaza. Miaka thelathini na minane sikuwahi kujaza hata moja. Hiyo ndiyo ya kwanza, na ndiyo umeikamata.

La pili ni baya zaidi. Siku zile za mwisho alifumua uzi kwenye pindo la blanketi, uzi wa kijani, akawa anaulaza juu ya shuka. Anaanzia huku chini, anaupandisha kule juu. Anautazama. Anausogeza kwa kidole. Anautazama tena. Kutwa nzima. Nikamwambia unaharibu blanketi, akatabasamu. Nikamwita daktari nje mlangoni nikamwambia, "Akili imeanza kuondoka, anacheza na uzi." Daktari akaandika kwenye faili lake. Nikarudi ndani nikamnyang'anya uzi, nikautia kwenye kopo la vifungo. Hakugombana. Aligonga meza ya kando ya kitanda mara mbili kwa kidole, nami nikadhani anataka maji.

Bi Mdogo, alikuwa kazini. Mimi ndiye niliyemtoa kazini.

Sasa niambie la kufanya na shimo lile. Juni ni kesho kutwa.

Bi Mkubwa


22 Mei

Bi Mkubwa,

Shikamoo. Habari za nyumbani sikuulizi leo, wala za huku sikupi, isipokuwa kwamba mama mwenye nyumba amemtia bata betri mpya.

Umeniambia mawili. Nami ninalo langu, lina miezi tisa.

Mwezi wa Agosti mwaka jana babu aliniandikia. Alinitumia ukurasa wa tisa kwa mkono wake, na kando ya alama ya kuzidisha aliweka alama ya kuuliza kwa penseli. Aliandika, "Mke wangu mdogo, tendo la nne linaninyima raha. Litazame kwa macho yako mapya." Nilikuwa na mitihani. Nilimjibu kwa kadi, ya picha ya daraja: "Babu, nimeutazama, uko safi." Sikuwa nimeutazama. Niliukunja nikautia kwenye kamusi. Ulipoleta nakala iliyochapwa ndipo nilipokwenda kuufunua, na ndiyo sababu barua yako ilikaa mezani mwezi mzima. Hoja ile ya nyuzi ilinichukua dakika ishirini, Bi Mkubwa. Siyo wiki tano. Wiki tano nilikuwa natafuta jinsi ya kukuambia. Dakika ishirini nilimnyima, akaenda kuzitafuta mwenyewe kwa uzi wa blanketi.

Na alizipata. Hilo ndilo nataka ulishike. Uzi ule unaoanzia chini ukaishia juu ndiyo hoja yenyewe, nzima, haina upungufu. Hakuna akili iliyokuwa inaondoka. Ilikuwa imefika.

Sasa shimo. Njia ziko tatu. Ya kwanza, tuitoe sentensi yote, pabaki matendo matatu. Ya pili ni ya kijanja: badala ya kuzidisha, weka alama ya kutoa. Kutoa ni wazi sawasawa na kujumlisha, inaingia kwenye nafasi ile ile moja, sentensi inakuwa kweli tupu, na hakuna atakayejua. Ya tatu, ufute bluu yako, shimo libaki kama alivyoliacha. Nami nitaandika ukurasa wa kufuatia, si nusu, mzima, kwamba mwandishi aliacha nafasi hii kwa makusudi, kwamba kuzidisha hakuingii, na kwamba sababu aliionyesha kwa uzi. Huo nitautia saini. Nimeuambatanisha, kama utautaka.

Chagua wewe. Mashimo ni ya kwako, tangu zamani.

Bi Mdogo


11 Julai

Bi Mdogo,

Salamu kutoka kwa wote. Nywele za mama yako zimeota, sasa zinampendeza kweli, na hatuamini. Mjomba wako ana kiti kingine, anakikalia upande. Goti la kulia limeshinda, hakuna mvua.

Kitabu kimetoka. Utakikuta ndani ya bahasha hii. Picha ni ya tai, nilishindwa. Hotuba ina kurasa kumi na nne.

Kuhusu shimo, njia ya kijanja niliifikiria siku mbili, sikufichi. Alama ya kutoa ni kijistari tu, hata mimi ningekipiga kwa mashine. Lakini babu yako asingepoteza sentensi kwa kutoa. Angesema hilo hata mbuzi analijua. Nikachapa ukurasa wa tisa upya, polepole, alama zake nyeusi nikazinakili kwa kalamu yake, na pa kuzidisha nikaacha nafasi moja. Ukurasa wako nikauweka nyuma yake, na saini yako.

Nikaenda nao mwenyewe kwenye kiwanda cha uchapaji. Mchapaji ni binti mwenye wino mpaka kwenye nyusi. Akasoma, akaweka kidole.

"Mama, hapa kuna kitu kimeanguka."

"Hakijaanguka. Hakikuwekwa."

"Basi nivute maneno yakaribiane, pasionekane."

"Ukivuta hata kidogo nitakuja kukaa kwenye kiti chako mpaka uyarudishe."

Akasema sawa, mama. Kumbe akampigia simu Mkuu wa chuo. Mkuu akaja mbio, tai begani. Anasema kitabu cha chuo hakiwezi kuwa na pengo, watu watadhani tumekosa alama. Nikamweleza yote, nyuzi, bakuli, na ile njia ya kutoa. Hapo akachangamka. "Mama, si tuweke tu hiyo ya kutoa? Nani atajua?"

Nikamwambia, "Wewe hasa hutajua."

Binti akajificha nyuma ya mtambo, nikayaona mabega yake yakitikisika. Mkuu akairudisha tai yake kifuani. Halafu, na hili nalisema kwa haki yake, akauliza, "Mwalimu aliliacha mwenyewe?" Nikasema ndiyo. "Basi libaki," akasema. Nadhani kama angekuwa hivi zamani angepata hata kumi.

Sasa hiyo kadi yako ya daraja. Ningeweza kukuacha uteseke, lakini sisi ni wake wenza wa amani. Ilifika mwezi wa Septemba. Nilimsomea mwenyewe, kwa sababu miwani yake ilikuwa imelaliwa na mjomba wako. Nikasoma, "Babu, nimeutazama, uko safi." Akacheka mpaka nikamshikia mgongo. Akasema, "Huyu hajasoma. Angesoma angenitukana." Kisha akaniambia niisimamishe dirishani, kwa sababu daraja ni zuri. Ilikaa pale mpaka siku ya mwisho. Bado ipo. Kwa hiyo hukumdanganya, mwanangu. Alikuwa anakujua. Ndiyo maana hakujaza.

Nami umeniambia akili yake ilikuwa imefika. Nimelisoma neno hilo mara nyingi. Nilikwenda kwa yule daktari na faili likatolewa. Nikamwambia afute alichoandika siku ile. Akasema faili halifutwi, ila anaweza kuongeza. Nikamwambia aongeze, "Mgonjwa alikuwa akifanya hesabu." Akaandika. Akaniuliza, "Ilitoka?" Nikasema ilitoka.

Fungua kitabu, ukurasa wa tisa wa kazi ya babu yako. Nimeweka uzi wa kijani hapo. Ndio ule. Nilitaka kuukata tugawane, nusu kwako na nusu kwangu, kama wanavyogawana watu waungwana. Nilichukua mkasi, nikakaa nao mezani, nikashindwa. Kwa hiyo nakupa mzima, mpaka likizo.

Usiutume kwa posta. Uulete mwenyewe.

Bi Mkubwa